Uzi kwa wanaosoma ukutubi: somo la utunzaji wa kumbukumbu msilipite juu juu

JaladaWazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu ni kwa wanaosoma ukutubi na sayansi ya habari, hasa walio kwenye muhula wenye somo la utunzaji wa kumbukumbu. Nimefanya kazi maktaba, nikahamia masjala, yaani ofisi inayotunza majalada ya taasisi, na sasa napokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Karibu wote wanakuja na swali lile lile: "Sisi ni watu wa vitabu, masjala inatuhusu nini?" Somo wamelisoma, mtihani wamefaulu, wengine kwa alama nzuri kabisa. Lakini mpe jalada mkononi uone. Anatafuta kichwa cha habari, anatafuta mada, anataka kulipa namba ya rafu. Analishughulikia kama kitabu, na kazi inaharibika hapo hapo.

Kitabu kinajitosheleza. Kina mwandishi, mchapishaji na mwaka, na nakala zake zipo kwenye maktaba nyingine. Kikipotea, kinanunuliwa kingine au kinaazimwa. Sasa chukua barua yenye mstari mmoja: "Nimeridhia pendekezo lako la tarehe 4. Endelea." Ukiisoma peke yake haikwambii lolote. Aliyeridhia ni nani, na alikuwa na mamlaka ya kuridhia? Pendekezo lenyewe lilikuwa lipi? Aliyeambiwa aendelee aliendelea na nini? Majibu yote yako kwenye folio, yaani karatasi zenye namba, zilizoitangulia na zilizoifuata, ndani ya jalada lile lile. Ichomoe humo, uiweke kwenye folda nzuri yenye lebo "Maridhiano" pamoja na barua nyingine za namna hiyo, na ushahidi umeshakufa hata kama karatasi haijapata doa.

Wenzetu wamelipitia hili zamani. Ufaransa, baada ya mapinduzi, nyaraka za taifa zilipangwa kwa mafungu ya mada, na nyaraka za ofisi moja zikatawanywa huku na huku. Ndipo mwaka 1841 ukatoka waraka, kazi ya Natalis de Wailly, ukielekeza kwamba nyaraka zilizotoka kwenye chombo kimoja zikae pamoja, zisichanganywe na za chombo kingine. Mwaka 1881 wenzao wa Prussia wakaongeza la pili: zibaki pia kwenye mpangilio ule ule ziliokuwa nao ofisini. Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, wakaziandika kanuni hizi kwa utaratibu mwaka 1898. Ni kanuni mbili tu, asili na mpangilio wa awali, na ndizo mgongo wa somo zima.

Linganisheni na Dewey, ambaye mfumo wake wa kupanga vitabu vya maktaba ulichapishwa mwaka 1876. Dewey anapanga maarifa, kwa hiyo anauliza: hiki kinahusu nini? Mtunza kumbukumbu anauliza: hii imezaliwa na kazi gani? Mwanafunzi ameandika barua kuomba ruhusa kwa sababu anaumwa. Mtu wa maktaba ataipeleka kwenye "Afya". Mtu wa kumbukumbu ataipeleka kwenye usimamizi wa wanafunzi, ndani yake mahudhurio, ndani yake maombi ya ruhusa ya mwaka ule. Jukumu, shughuli, tukio. Ukishaizoea hiyo ngazi ya hatua tatu, mpango wa uainishaji hautakusumbua.

Karibuni tujadili. Waliobobea waongeze, na wanafunzi msiogope kuuliza.

---

Msomi_Mtarajiwa

Mkuu shukrani sana kwa uzi. Niko mwaka wa pili. Kwetu somo hili limewekwa muhula mmoja tu, na mwalimu ametumia wiki nyingi kwenye mzunguko wa maisha ya kumbukumbu: kuzaliwa, kutumika, kupumzika, kisha kuteketezwa au kupelekwa kwenye nyaraka za kudumu. Halafu mwishoni akagusia mtazamo wa mwendelezo na kusema ndio wa kisasa. Nimebaki njia panda. Tushike upi?

---

JaladaWazi

Ndugu yangu, shika yote miwili, ila ujue kila mmoja ulizaliwa ili utatue tatizo gani.

Mzunguko wa maisha ulikuzwa na wataalamu wa nyaraka wa Marekani kuanzia miaka ya 1930 na 1940, serikali ilipokuwa inazalisha makaratasi kuliko majengo ya kuyahifadhi. Shida yao ilikuwa nafasi. Kwa hiyo waligawa kwa hatua: zinazotumika kila siku zikae ofisini, zinazotumika mara moja moja ziende kwenye ghala la kati, zilizokwisha kazi ziamuliwe. Kwa karatasi mtazamo huu unafaa mpaka leo. Ingia masjala yoyote iliyojaa, utakuta majalada yaliyofungwa miaka mingi iliyopita yamebanana na yanayotumika leo, na karani anatumia nusu siku kutafuta jalada moja.

Mwendelezo ulitokea Australia miaka ya 1990, na jina linalotajwa zaidi ni Frank Upward. Ana mawanda manne: kuunda, kunasa, kupanga, na kuifikisha kumbukumbu kwa jamii pana. Hoja yake ni kwamba mawanda hayo hayapangani foleni. Kumbukumbu ya kidijitali ikiundwa leo bila taarifa za kuielezea, huwezi kusubiri miaka 20 ndipo umwite mhifadhi nyaraka aiokoe. Uamuzi wa kuitunza unafanyika siku mfumo unapobuniwa, kabla hata kumbukumbu ya kwanza haijaingia.

Kwa hiyo ukiulizwa kwenye mtihani, usiandike kwamba mmoja umepitwa na wakati. Eleza tatizo la kila mmoja.

---

MwinoMweusi

Nami nitie neno. Nimekaa kwenye hifadhi ya nyaraka muda mrefu. Mwenye uzi umeeleza vizuri kuhusu asili ya kumbukumbu, nakuunga mkono. Ila kuna jambo vyuo vinalifundisha kwa wepesi mno, nalo ni uteketezaji. Mwanafunzi anafundishwa kwamba kazi yake ni "kupunguza". Anakuja kwetu na kiu ya kupunguza. Sir Hilary Jenkinson, mhifadhi nyaraka wa Uingereza, aliandika mwaka 1922 kwamba mhifadhi nyaraka hana kazi ya kuchagua kipi kife. Uamuzi huo ni wa ofisi iliyounda kumbukumbu kwa shughuli zake, na mhifadhi analinda kile alichokabidhiwa bila kupendelea. Akianza kuchagua yeye, mapenzi yake yanaingia kwenye ushahidi, na atakayekuja miaka 100 baadaye hataona enzi yetu ilivyokuwa. Ataona jinsi mhifadhi mmoja alivyopenda ionekane.

Naomba wanafunzi waanze na woga huo kwanza. Mengine yatafuata.

---

JaladaWazi

Mkuu MwinoMweusi, heshima kwako. Woga huo nami nautaka kwa kila mwanafunzi. Lakini hapa naomba tutofautiane kidogo, maana ndipo mahali pazito kuliko pote kwenye somo hili.

Jenkinson aliandika akitazama nyaraka za karne nyingi ambazo tayari zilikuwa zimechujwa na wakati. Schellenberg, mhifadhi nyaraka wa Marekani, mwaka 1956 aliandika akitazama serikali ya kisasa inayomwaga karatasi kila siku. Asiyechagua hapo, panya, maji na msongamano watamchagulia. Ndiyo maana akatofautisha thamani mbili. Ya kwanza ni kwa ofisi yenyewe: kiutawala, kifedha, kisheria. Ya pili ni kwa wengine watakaokuja baada ya ofisi kumaliza haja yake: ushahidi wa jinsi chombo kilivyofanya kazi, na habari kuhusu watu, mahali na matukio. Risiti ya kununua wino ina thamani ya kwanza kwa miaka michache, basi. Muhtasari wa kikao kilichoamua kufunga tawi zima una zote mbili.

Mwanafunzi wa maktaba analiona hili kama kupunguza vitabu visivyosomwa. Silo. Maktaba inatoa kitabu kwa sababu hakiazimwi. Kumbukumbu inaweza kukaa miaka 30 bila kuguswa na mkono wa mtu, halafu siku moja ikawa ndiyo kitu pekee kinachomtetea mtu.

Mfano ninaoutumia darasani ni wa Uingereza. Wizara ya Mambo ya Ndani iliteketeza mwaka 2010 kadi za kutua za watu waliofika kutoka Karibi miongo kadhaa nyuma. Kwa aliyeziona rafuni, yalikuwa makaratasi ya zamani yasiyo na kazi. Mwaka 2018 mambo yakafumuka: watu walioingia nchini wakiwa watoto na kuishi hapo maisha yao yote walikuwa wanatakiwa kuthibitisha walifika lini, na wasioweza walinyimwa kazi, matibabu, wengine wakafukuzwa nchini. Kadi peke yake isingemaliza kila kesi, hilo nakubali. Lakini tarehe ya kufika ndiyo iliyokuwa inaulizwa, na kadi ilikuwa nayo.

Upande wa pili kuna Arthur Andersen, kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Mwaka 2001 wafanyakazi wake walichana nyaraka kwa wingi zilizomhusu mteja wao, kampuni ya nishati ya Enron, wakati uchunguzi wa serikali ya Marekani umekaribia. Utetezi wao uliegemea kwamba walikuwa wanafuata sera ya kampuni ya kutunza na kuondoa nyaraka. Walitiwa hatiani mwaka 2002. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo kwa sababu ya kasoro kwenye maelekezo ya jaji kwa wazee wa baraza, lakini kampuni ilikuwa imeshasambaratika. Marekani ikatunga sheria mwaka ule ule wa 2002, na anayeharibu kumbukumbu ili kuzuia uchunguzi wa serikali kuu anaweza kufungwa hadi miaka 20.

Kwa hiyo ratiba ya kutunza na kuteketeza, yaani orodha ya aina za kumbukumbu na muda wa kutunza kila moja, haimalizi kazi. Lazima pawe na zuio: pakitokea kesi, ukaguzi, uchunguzi, au hata dalili yake, uteketezaji wa kumbukumbu zinazohusika unasimama siku hiyo hiyo, hata kama ratiba inasema muda wake umeisha. Na kila kinachoteketezwa kiache hati: kimeteketezwa nini, kwa idhini ya nani, kwa kifungu kipi cha ratiba, tarehe gani, kwa njia gani. Hati hiyo haiteketezwi.

Uamuzi usiwe wa mtu mmoja, hapo nakubaliana nawe moja kwa moja, mkuu. Akae mwenye shughuli, akae mwanasheria, akae mhasibu, akae mtunza kumbukumbu.

---

MwinoMweusi

Umenijibu kwa heshima, ahsante. Bado nashikilia kwamba vyuo vifundishe hati ya uteketezaji kabla ya kufundisha mashine ya kuchana karatasi. Lakini la zuio na la kamati, sina ugomvi nayo.

---

Kinasa

Wakuu mimi naona mnajichosha. Dunia ya leo kila kitu kidijitali. Skani yote, weka kwenye seva, tafuta kwa neno. Nafasi ya kuhifadhi imekuwa rahisi, kwa nini uteketeze? Haya mambo ya folio na ratiba si ya wakati wa karatasi?

---

JaladaWazi

Ndugu Kinasa, swali lako wanalo wengi, wakiwemo wakuu wa taasisi. Nitalijibu kwa kirefu.

Kwanza kuskani. Jalada lina folio 200. Mashine inakupa picha 200 zenye majina ya namba zilizojizalisha zenyewe. Nitafutie folio ya 37, ile yenye dokezo la mkurugenzi pembeni kwa kalamu. Utafutaji wa neno hautakusaidia, maana mwandiko wa mkono haujasomwa na mashine, na nusu ya nakala ni za kaboni zilizofifia. Kabla ya kuskani jalada linapangwa, folio zinahakikiwa namba, zilizokosekana zinaandikwa kwamba zimekosekana, faharasa inatengenezwa. Halafu unachagua muundo utakaodumu. PDF/A iliwekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 kwa sababu hiyo: faili inabeba fonti zake na kila inachohitaji ndani yake, haitegemei kitu cha nje ambacho kesho hakitakuwepo.

Pili kudumu. Mwaka 1986 BBC ilitengeneza mradi mkubwa wa kuadhimisha miaka 900 tangu sensa ya mali ya Uingereza ya mwaka 1086, maarufu kama Domesday. Watu wa nchi nzima, watoto wa shule wakiwemo, walichangia maandishi na picha za maisha yao. Vikawekwa kwenye diski maalumu za leza, za kusomwa na kompyuta maalumu. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu, na wataalamu wakalazimika kufanya kazi ya ziada kuyaokoa yaliyomo. Kitabu cha 1086, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kinasomeka mpaka leo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ushahidi. Nenda kwenye folda ya pamoja ya ofisi yoyote. Utakuta "ripoti", "ripoti mpya", "ripoti mpya ya mwisho", "ripoti ya mwisho iliyosahihishwa". Sasa mkaguzi anauliza: ni ipi bodi iliipitisha? Tarehe inayoonekana kando ya faili si ya kutegemea, maana faili ikinakiliwa au ikifunguliwa na kuhifadhiwa tena tarehe inaweza kubadilika. Aliyeiandika anaonekana kuwa "mtumiaji". Barua pepe iliyoipeleka kwa wajumbe iko kwenye kisanduku cha mtu aliyestaafu, na akaunti yake imefutwa. Faili nne zipo, nafasi haijawahi kuwa tatizo, na bado taasisi haina kumbukumbu ya uamuzi wake yenyewe.

Kiwango cha kimataifa cha utunzaji wa kumbukumbu, ISO 15489, kilichotoka mwaka 2001 na kupitiwa upya mwaka 2016, kinadai kumbukumbu iwe na sifa nne. Iwe halisi, yaani ni kile inachodai kuwa na imetoka kwa anayetajwa. Iwe ya kuaminika, yaani inaeleza tukio sawasawa na iliandikwa na aliyelijua. Iwe kamili, haijabadilishwa kinyemela. Na iweze kutumika, yaani ipatikane, ifunguke, isomeke, ieleweke. Zipitishe zile ripoti nne kwenye sifa hizo uone ngapi zitabaki.

Tiba yake haihitaji mitambo mikubwa. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, lifuate na kazi, liishie na toleo: 2023-05-14_Bodi_Muhtasari_T02. Kwa mpangilio huo faili zinajipanga zenyewe kwa tarehe. Toleo lililopitishwa lifungwe lisihaririwe, na lichukuliwe alama-hakiki kama SHA-256, mfululizo wa herufi na namba unaotokana na yaliyomo. Mtu akibadilisha mkato mmoja tu, alama inatoka nyingine kabisa, na utajua faili imeguswa. Na ile barua pepe ya uamuzi isiishi kwenye kisanduku cha mtu. Inanaswa kwenye jalada la shughuli, pamoja na kiambatisho chake na majina ya waliopelekewa.

Kuhusu kutunza kila kitu milele: taarifa binafsi za watu hazikuruhusu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018 inataka taarifa za mtu zisikae zaidi ya muda unaohitajika kwa lengo zilizokusanyiwa, na nchi nyingi zina sheria za mwelekeo huo. Kumbukumbu za matibabu za mfanyakazi aliyeondoka zamani, ambazo sheria haikutaki uzitunze, ni mzigo juu ya yule mtu. Zikivuja, anayeumia ni yeye.

---

Kinasa

Nimekuelewa mkuu. Hilo la barua pepe ya aliyestaafu limenigusa, tunalo hapa ofisini. Nitaanza na majina ya faili.

---

Rafu_ya_Saba

Naongezea mfano mmoja ambao wanafunzi wangu huwa hawausahau. Julai 12, 1973 moto uliwaka ghorofa ya sita ya kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi kule St. Louis, Marekani. Majalada ya wanajeshi yaliyoteketea yanakadiriwa kuwa kati ya milioni 16 na milioni 18. Kwa jeshi la nchi kavu, ni kama asilimia 80 ya majalada ya walioacha jeshi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Hapakuwa na nakala, hapakuwa na filamu ndogo, na faharasa haikuwahi kutengenezwa. Ina maana hata orodha ya kilichoungua hawakuwa nayo.

Sasa angalieni jinsi walivyojikwamua. Yaliyolowa maji ya zimamoto yalikaushwa kwa vyumba vya kunyonya hewa ili yasiote ukungu. Yaliyokwisha kabisa, wakaanza kujenga upya utumishi wa mtu kutoka kwenye kumbukumbu za ofisi nyingine: hati za malipo, madai ya mafao na kadhalika. Hilo liliwezekana kwa sababu ofisi hizo zilikuwa zimetunza za kwao kwa utaratibu wao. Askari mmoja ameacha alama kwenye shughuli nyingi, na kila shughuli ina kumbukumbu zake. Ukiwafundisha wanafunzi kanuni ya asili kwa mfano huu, wanaiona ikifanya kazi.

Na hapo hapo wafundishe kumbukumbu muhimu. Kila taasisi iwe na orodha fupi ya zile ambazo ikizikosa wiki moja baada ya moto au mafuriko, haiwezi kuendelea: mikataba inayoendelea, orodha ya mishahara, hati za umiliki, nywila za mifumo. Nakala zake zikae jengo lingine. Orodha ikiwa ndefu, mwenye kuiandika hajachagua.

---

JaladaWazi

Rafu_ya_Saba, barikiwa sana. La kujenga upya kutoka kwenye kumbukumbu za ofisi nyingine naliongeza kwenye mafunzo yangu.

---

Msomi_Mtarajiwa

Wakuu nimesoma mpaka hapa, nimejifunza kuliko kwenye vitini. Swali langu sasa ni la vitendo. Chuoni hatuna masjala ya kufanyia mazoezi. Nafanyaje ili nikifika kazini nisiwe mgeni? Na je, ujuzi wa maktaba unanisaidia popote au niuweke kando?

---

JaladaWazi

Usiuweke kando hata kidogo. Mtu wa maktaba anakuja na vitu ambavyo masjala nyingi hazina: nidhamu ya istilahi, yaani jambo moja liitwe jina moja siku zote, uzoefu wa kuhojiana na anayetafuta mpaka ujue anachotaka hasa, na uelewa wa metadata, yaani taarifa za kuielezea kumbukumbu. Nimeona mkutubi akitengeneza orodha ya maneno yaliyoidhinishwa kwa ajili ya masjala, na makarani wakaacha kufungua majalada matatu ya jambo moja kwa majina matatu. Hiyo ni kazi ya katalogi kabisa.

Kuhusu mazoezi, tumia chama au kikundi chochote ulichomo. Chama cha wanafunzi kinafaa. Kina katiba, vikao, michango, uchaguzi, matukio, barua na uongozi wa chuo. Omba ruhusa ya viongozi, halafu fanya hivi.

Usianze na makaratasi. Kaa na katibu na mweka hazina, waulize wanafanya nini. Waache waeleze kwa maneno yao. Utapata majukumu kama manne au matano: kuongoza chama, kusimamia wanachama, fedha, matukio, mahusiano na chuo. Chini ya kila moja andika shughuli. Hapo ndipo ufungue makabati, kompyuta, simu na makundi ya ujumbe, uone kumbukumbu zilizopo na ziko wapi. Usishangae ukikuta uamuzi mkubwa wa chama uko kwenye kundi la ujumbe tu, hakuna muhtasari. Andika hilo kwenye ripoti yako, maana ni tatizo halisi ambalo taasisi kubwa nazo zinalo.

Kisha ratiba. Kwa kila aina ya kumbukumbu jiulize nani anaihitaji, kwa lengo gani, sheria au katiba inasema nini, na je ina thamani baada ya haja hiyo. Daftari la mahudhurio ya kikao cha kawaida na muhtasari wa mkutano mkuu haviwezi kuwa na muda mmoja. Idadi ya miaka usiinakili kwenye ratiba ya taasisi nyingine. Itoe kwenye sheria za mahali ulipo na mahitaji ya chama chenyewe.

Mwisho jaribu mfumo wako. Mpe mtu asiyehusika aulize swali, mfano, "Nani aliidhinisha matumizi ya tamasha la mwaka juzi?" Ukilijibu kwa kufuata mpango wako bila kumpigia simu katibu wa zamani, mpango unafanya kazi. Ukishindwa, angalia umekwama ngazi ipi: jukumu, shughuli au tukio.

---

Msomi_Mtarajiwa

Nashukuru mno. Nimeongea na katibu wetu leo, amekubali. Nimeanza na ratiba upande wa fedha, mstari wa kwanza nimeandika hivi: "Stakabadhi za michango. Miaka 7. Ziteketezwe." Iko sawa?

---

JaladaWazi

Mwanzo mzuri, ila haijakamilika. Miaka 7 kuanzia lini? Tangu stakabadhi ilipotolewa, tangu mwaka wa fedha ulipofungwa, au tangu hesabu zilipokaguliwa? Ukiacha hivyo, mmoja atahesabu kuanzia Januari na mwingine kuanzia siku ya ukaguzi, na stakabadhi za mwaka mmoja zitateketezwa kwa awamu tofauti. Kila mstari uwe na tukio linaloanzisha hesabu. Ongeza pia nani anatoa idhini, na hiyo 7 imetoka kwenye kifungu gani.

Mstari uwe hivi: "Stakabadhi za michango. Miaka (weka idadi na kifungu chake) tangu hesabu za mwaka husika zipitishwe na mkutano mkuu. Ziteketezwe kwa idhini ya mweka hazina na katibu, baada ya kuthibitisha hakuna mgogoro wala ukaguzi unaoendelea. Hati ya uteketezaji itunzwe kudumu."

Endelea na mistari ya uanachama kisha uweke hapa. Kwenye fomu za kujiunga angalia kama zina taarifa za afya au za wazazi, kwa sababu hizo zitahitaji mstari wake peke yake.